Afya ya Kundi, Bei ya Mtaani

Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo pale Morogoro, Kabete au Makerere hutumia sehemu kubwa ya masomo yake kwa ng'ombe, mbuzi, kuku na nguruwe. Ndio wanaolisha nchi, na hakuna wa kuliona hilo kosa. Lakini kila darasa huwa na wawili watatu ambao moyo wao uko kwa mbwa na paka, na hao humaliza chuo wakiona wamepunjwa. Wamefundishwa josho, homa ya mapafu ya ng'ombe na hesabu za maziwa, ilhali wao walitaka kujua namna ya kumpasua paka. Wengi huamini wamebakiwa na njia moja tu: kufungua kliniki kwenye mtaa wa wenye nazo na kungoja wateja wenye mbwa wa bei kubwa.

Ipo njia nyingine, na kwa njia hiyo elimu ya josho ni mtaji. Ni tiba ya wanyama wa makaoni, yaani mbwa na paka waliotelekezwa, waliopotea au waliozaliwa mtaani na kupokelewa kwenye vituo vya kuwahifadhi, pamoja na kazi isiyotengana nayo: kuhasi wanyama kwa bei ambayo mama muuza mboga anaimudu. Makala haya yanamlenga kijana anayeifikiria kazi hiyo, na pia daktari mwenye kliniki yake ambaye angependa kuitengea siku moja au mbili za juma.

Taaluma yenyewe ni changa. Dkt. Lila Miller, mmoja wa wanawake Weusi wa kwanza kuhitimu udaktari wa wanyama Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1977, alifanya kazi miaka mingi katika ASPCA, shirika la ustawi wa wanyama la New York, na mwaka 1999 akashiriki kuanzisha Cornell somo rasmi la tiba ya makaoni. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha California, tawi la Davis, kilianza mafunzo ya ubingwa, na Dkt. Kate Hurley akawa wa kwanza kuyapitia. Mwaka huohuo madaktari wa makaoni wa Marekani wakaunda chama chao. Kitabu cha kwanza cha kufundishia, alichokihariri Miller pamoja na Stephen Zawistowski, kilitoka 2004; viwango vya utunzaji vikachapishwa 2010; na 2014 fani hiyo ikatambuliwa rasmi kuwa ubingwa. Kabla ya hapo daktari wa makaoni alionekana kama mtu aliyekosa kazi kwingine.

Kilichobadilika ni namna ya kufikiri, na namna hiyo waanzilishi waliitoa zizini. Daktari wa ng'ombe haulizi tu mnyama huyu ana nini. Huuliza wangapi wanaumwa, wa umri gani, waliingia lini, wanalala wapi, wanakunywa maji gani. Makao ya mbwa na paka ni kundi, tena kundi gumu kuliko la ng'ombe, kwa sababu kila siku huingia wageni ambao hakuna anayejua walikotoka. Mhitimu wa Morogoro aliyeshika sawasawa somo la afya ya kundi ana nusu ya kazi hii mkononi kabla hajagusa paka hata mmoja.

Tuchukue mafua ya paka. Kliniki ya kawaida humpokea paka mmoja anayepiga chafya, humtibu, na huyo akarudi kwake. Makaoni paka wanne wa banda moja huanza kupiga chafya juma moja, na daktari asiye na jicho la kundi huagiza antibayotiki kwa wote wanne. Aliyefunzwa huangalia vizimba kwanza. Virusi vya hepesi (herpes) vya paka hujificha mwilini na kuamka mnyama anapopata msongo. Na hakuna msongo kama kuhamishwa kila asubuhi ili kizimba kioshwe, au kulala pua ikiwa karibu na sanduku la choo. Kizimba chenye vyumba viwili na tundu katikati humwezesha paka kusogea upande mmoja wakati upande wa pili unasafishwa. Msumeno na ubao vinaweza kufanya kazi ambayo katoni nzima ya vidonge haikuiweza.

Kwa mbwa, adui mkubwa ni parvo. Virusi vyake hukaa kwenye sakafu na udongo kwa mwaka au zaidi, na dawa nyingi za kusafishia zenye harufu nzuri haziviui. Klorini ya dukani huviua, mradi uchafu umeondolewa kwanza kwa sabuni. Kipimo kinachotajwa vitabuni ni sehemu 1 kwa sehemu 32 za maji, lakini hicho ni cha klorini yenye nguvu ya asilimia 5 hivi. Chupa nyingi za kwetu ni dhaifu zaidi, kwa hiyo lebo isomwe na hesabu ifanywe upya. Na chanjo itolewe mlangoni, saa ileile mnyama anapoingia, wala si kesho daktari atakapokuja. Makaoni mtoto wa mbwa huanza chanjo ya parvo na distempa akiwa na wiki 4, akarudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka afike kama miezi 5. Aliyezoea ratiba ya kliniki ataiona hiyo ni chanjo nyingi kupita kiasi. Asubiri kuona mlipuko mmoja wa parvo.

Kuna hesabu moja ambayo kila anayeingia kazi hii aiandike ukutani. Idadi ya wanyama walio ndani ni sawa na wanaoingia kwa siku mara siku anazokaa kila mmoja. Makao yanayopokea mbwa 3 kwa siku, na kila mbwa akakaa siku 40, yatakuwa na mbwa 120. Yaleyale, kwa kupunguza ukaaji hadi siku 20, yatakuwa na mbwa 60. Hakuna tofali lililoongezwa wala mbwa aliyefukuzwa, lakini kelele zimepungua nusu, chakula kimetosha, na mfagizi ana muda wa kumtazama kila mnyama. Basi daktari na aulize: hawa wanangoja nini? Mara nyingi wanangoja mambo madogo, kama vile picha ya tangazo, saini ya meneja au, zaidi ya yote, siku ya upasuaji. Mahali ambapo daktari huja kuhasi Jumatano tu, mbwa aliyekuwa tayari Alhamisi hukaa siku sita zaidi bure.

Hapo ndipo tiba ya makaoni inapokutana na uhasi wa bei nafuu, kwa maana makao yasiyohasi hujaza mtaa kwa mkono mmoja huku yakiuokota kwa mwingine. Na hata makao yakihasi wote wanaotoka, kazi haijatimia kama majike ya nje yanaendelea kuzaa. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, huibeba kwa kama siku 65, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Mteja anayeambiwa alete paka wake "baada ya kuzaa mara moja" hupewa ushauri usio na msingi wowote wa kitabibu. Paka ahasiwe kabla ya miezi 5. Daktari anayepanga miadi ya miezi mitatu mbele amepanga mimba.

Wengi hukosea kwenye bei. Hudhani bei nafuu hutokana na huruma, au na kubana vifaa: uzi wa bei rahisi, glavu jozi moja kwa paka watatu, dawa ya maumivu kuachwa. Hizo ni njia za kuua wanyama na kuua jina. Bei nafuu ya kweli hutokana na mpangilio wa kazi.

Mfano wa ubaoni unatosha. Tuseme mshahara, pango, umeme na maji vya siku moja vinagharimu shilingi 300,000, iwe kuna mnyama au hakuna. Daktari akihasi mbwa 3, kila mmoja amebeba 100,000 kabla hata ya dawa na uzi. Akihasi 20, kila mmoja amebeba 15,000. Dawa ni ileile, uzi ni uleule, vifaa vimechemshwa vilevile. Kwa hiyo swali la daktari anayetaka kushusha bei ni moja: afanye nini ili mikono yake ifanye kile ambacho ni yeye tu anayeruhusiwa kukifanya, na mengine yote yafanywe na wengine?

Los Angeles ilifungua kliniki ya manispaa ya kuhasi kwa bei nafuu mwaka 1971, na kliniki ya Humane Alliance ya Asheville, North Carolina, iliyoanzishwa 1994, ikaja kuwa mahali ambapo madaktari wa kutoka kwingine walikwenda kujifunza mpangilio huo. Ukiutazama ukiwa umesimama pembeni ni rahisi. Msaidizi mmoja hupima uzito na kuandika kipimo cha dawa. Wa pili humchoma mnyama sindano ya usingizi na kumnyoa, tena nje ya chumba cha upasuaji ili manyoya yasiruke ndani. Meza ni mbili: daktari anapofunga mshono wa mwisho kwenye ya kwanza, mnyama wa pili yuko tayari amelazwa, amesafishwa, amefunikwa. Daktari hubadili glavu, hufungua pakiti mpya ya vifaa, huendelea. Hatafuti makasi, haandiki kadi, hapokei simu.

Pakiti mpya kwa kila mnyama ni sharti lisilojadiliwa. Kutumbukiza vifaa kwenye beseni la dawa katikati ya mnyama na mnyama si kuvitakasa. Kliniki yenye pakiti 12 na otoklevu moja ijue kwamba uwezo wake ni wanyama 12 pamoja na wale watakaopatikana baada ya kuchemsha upya, na isajili idadi hiyo, hata kama foleni imefika barabarani. Fedha ya kwanza ya mfadhili, kabla ya gari lenye nembo, iende kwenye pakiti.

Je, wingi hauongezi vifo? Utafiti uliochapishwa 2017 kutoka kliniki moja ya wingi nchini Marekani ulihesabu wanyama 71,557 waliohasiwa. Waliokufa walikuwa takriban 3 kwa kila 10,000. Ni kiwango cha chini sana kwa nusu kaputi ya wanyama. Sababu haina siri. Timu inayofanya jambo moja kila siku kwa utaratibu uleule hugundua mapema pumzi ikipungua au ufizi ukipauka.

Kijana asikimbilie kasi. Kasi huja kwa kupunguza miendo isiyo na kazi, wala haiji kwa kuharakisha mkono. Aanze na paka madume, ambao kazi yao ni ya dakika chache na kidonda cha mfuko huachwa wazi kipone chenyewe. Aende kwa majike madogo ya paka, halafu mbwa majike wadogo wasio na mafuta, na mbwa jike mkubwa mnene aliye kwenye joto amwachie mwalimu mpaka atakapojua kutuliza damu bila kutetemeka. Kila kifundo kwenye mshipa wa ovari akiangalie mara ya pili kabla ya kukiachia tumboni. Tumbo lisifungwe mpaka lionekane kavu. Daktari ambaye kwa siku nzima amehasi wanyama 6 na wote wakarudi nyumbani wakila amefanya vizuri kuliko wa 25 ambaye usiku anaitwa kumfungua mmoja anayevuja damu.

Watoto wadogo wana kanuni zao. Mtoto wa mbwa au paka wa wiki 8 asinyimwe chakula usiku kucha kama mkubwa. Saa 2 hadi 4 zinamtosha, la sivyo sukari ya damu itashuka. Hupoa upesi, hata Dar es Salaam mwezi Februari, kwa sababu mwili wake ni mdogo na dawa ya usingizi humzimia joto lake. Asilazwe kwenye chuma kitupu, asiloweshwe spiriti, na akiamka apewe chakula kidogo. Hao watangulie asubuhi. Wanaoonekana kuwa na ugonjwa wa kuambukiza wawe wa mwisho kabisa.

Dawa ya maumivu ni ya kila mnyama, wa tajiri na wa mtaani. Na kila aliyehasiwa awekewe alama: mbwa na paka wa nyumbani mstari mdogo wa wino karibu na mshono, paka wa mitaani ncha ya sikio la kushoto ikatwe kidogo akiwa bado amelala. Bila alama hiyo, mwakani jike yuleyule atafunguliwa tumbo kutafuta mji wa mimba usiokuwepo.

Kwa paka wa mitaani ujuzi mkubwa uko kwenye mtego. Dagaa au kipande cha samaki huwaingiza, na kitambaa juu ya mtego huwatuliza kuliko maneno. Jike anayenyonyesha arudishwe siku hiyohiyo, pale pale alipokamatwa, kwa kuwa wanawe wanamngoja mahali ambapo daktari hapajui. Mtaa ambao umehasi theluthi ya paka wake na kuishia hapo utaona watoto wapya msimu ujao na kusema zoezi halifai. Ni heri kumaliza uchochoro mmoja, karibu majike yote, kabla ya kuhamia wa pili.

Watu wataambiwaje? Ukweli, bila chumvi. Sweden, ambako mbwa wengi hawakuhasiwa kwa kawaida, takwimu za bima zilionyesha kwamba karibu robo ya majike walipata usaha kwenye mji wa mimba kabla ya kutimiza miaka 10. Ugonjwa huo huua, na uhasi huuzuia. Uvimbe wa zinaa, ule unaotoka damu sehemu za siri ambao kila daktari wa Afrika Mashariki ameuona, husambazwa kwa kupandana. Kuutibu ni sindano za vinkristini kila wiki kwa wiki kadhaa, na bei yake humshinda mwenye mbwa kuliko bei ya kuhasi. Paka jike aliyehasiwa kabla ya miezi 6 hupunguziwa kwa sehemu kubwa hatari ya saratani ya matiti.

Lakini daktari asiuze uhasi kama dawa ya kichaa cha mbwa. Kichaa huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kinachokizuia ni chanjo ya angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Blantyre, Malawi, mwaka 2015, timu ya Mission Rabies ilichanja mbwa 35,216 kwa siku 20. Hakuna timu ya upasuaji duniani inayoweza kukaribia kasi hiyo, na mtaa wenye fedha ya jambo moja tu uanze na chanjo, ikiwemo kwa watoto wa mbwa walio chini ya miezi 3, ambao Shirika la Afya Duniani linataka wasiachwe. Uhasi husaidia kwa njia ya pili. Mbwa wakizaliwa wachache, kinga iliyopatikana hudumu zaidi mtaani. Jaipur, India, shirika la Help in Suffering lilianza 1994 kuwahasi na kuwachanja mbwa wa mitaani kwa pamoja. Ilipofika 2002, kama asilimia 65 ya majike walikuwa wamefikiwa, na idadi ya mbwa waliohesabiwa mitaani ilikuwa imepungua kwa asilimia 28. Ilichukua miaka minane. Diwani anayetaka matokeo kabla ya uchaguzi aambiwe hilo waziwazi, kwa adabu.

Kuna pingamizi ambalo daktari atalisikia kila mahali, kutoka kwa baba mwenye nyumba: mbwa wangu wa ulinzi atalegea. Jibu la haki ni kwamba dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura na kugombea majike, kwa hiyo hukaa zaidi getini alikowekwa. Kubweka na kulinda nyumba yake haachi. Na kinyume chake nacho kisemwe: uhasi hautamtibu mbwa anayeuma watu. Baba huyo asidharauliwe. Mara nyingi atakubali jike wake ahasiwe kwanza, na jike ndiye anayezaa.

Pwani ina adabu yake. Mahali ambapo mate ya mbwa ni najisi kwa fiqhi ya wenyeji, timu isiazime ndoo ya mtu, isitumie bomba la msikiti, isipitishe mbwa barazani bila hodi. Itafute uwanja, ibebe maji yake, na imwombe mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au chifu kwa upande wa Kenya, atangaze mapema. Paka hawana shida hiyo. Lamu ni wengi na wanapendwa, na huko kazi ni kuwashawishi watu kwamba kumpenda paka ni pamoja na kutomwacha azae mitaroni. Kote, usafiri ndio bei iliyofichika. Mama ambaye paka wake amehasiwa bure lakini akalipa bajaji mara mbili hajapata cha bure, na siku anayofunga genge lake ni fedha. Timu inayokwenda mtaani, au inayokusanya vikapu asubuhi na kuvirudisha jioni, hupata watu ambao tangazo la punguzo haliwapati.

Sheria nayo isirukwe. Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Kenya ina sheria ya 2011 ya madaktari wa mifugo, inayosimamiwa na Bodi ya Veterinari ya Kenya. Anayefungua tumbo la mnyama awe daktari aliyesajiliwa. Ketamini, dawa ya nusu kaputi, ifungiwe kabatini na kila mililita iandikwe, kwa sababu ni dawa inayoibwa.

Riziki ya kazi hii haitoki kwenye chungu kimoja. Makao machache yanaweza kumlipa daktari wa kudumu, kwa hiyo wengi huchanganya: siku mbili za makao, siku mbili za kuhasi kwa bei nafuu, siku mbili za kliniki au mkataba na halmashauri au kaunti. Mfadhili anayejitolea kujenga jengo aombwe kwa heshima alipe mishahara ya wasaidizi wawili kwa miaka mitatu badala yake. Madaktari jirani watalalamika kwamba wanaharibiwa soko. Watembelewe kabla ya ufunguzi, waelezwe kwamba kliniki itahasi na kuchanja tu, na kila mgonjwa atakayeonekana kwenye foleni ataelekezwa kwao. Mwenye mbwa ambaye hakuwahi kumjua daktari hata mmoja sasa anamjua. Huyo ni mteja aliyeongezeka.

Mwili wa daktari ni kifaa ambacho hakina cha akiba. Uchunguzi uliochapishwa 2013 miongoni mwa madaktari zaidi ya 200 wa kuhasi nchini Marekani ulikuta kwamba karibu wote walikuwa wamepata maumivu ya mkono, bega au mgongo katika mwezi uliotangulia. Meza iwe kimo cha kiwiko, hata ikibidi kuwekewa matofali chini ya miguu yake. Kiti kirefu kiwepo. Kila baada ya wanyama kadhaa mikono inyooshwe, maji yanywewe.

Moyo ni habari ndefu zaidi. Itafika siku ya kumlaza mnyama moja kwa moja: mbwa aliyevunjika uti wa mgongo, mtoto wa paka anayeshindwa kupumua, mbwa mwenye dalili za kichaa. Marekani ya miaka ya 1970 ilikadiriwa kuwalaza hivyo makaoni kati ya wanyama milioni 12 na 20 kwa mwaka; miaka ya karibuni wako chini ya milioni 1 kwa makadirio, na uhasi ni sehemu kubwa ya maelezo. Hata hivyo hakuna makao yasiyokuwa na siku hiyo. Uamuzi usiwe wa mtu mmoja. Mnyama apewe kwanza dawa ya usingizi, aliyekuwa akimlisha asilazimishwe kumshika, na zamu zibadilishwe ili asiwe yuleyule kila mara. Makao ambayo hayana utaratibu huu ulioandikwa, daktari kijana asikubali kuwa ndiye mkono wake wa kila siku. Wengi walioiacha kazi hii hawakushindwa na upasuaji. Walishindwa na jambo hili, kwa kuachwa nalo peke yao.

Anayetaka kujaribu asingoje ajira. Nairobi kuna KSPCA, shirika la ustawi wa wanyama lililoanza 1910. Kampala kuna USPCA. Gulu kuna BIG FIX Uganda. Aandike barua, aombe kuwa mtu wa kupima uzito na kuandika kadi kwa likizo moja, kwani hapo ndipo mpangilio wote huonekana kuliko ukiwa umeinamia meza. Na kabla ya kwenda achanjwe yeye mwenyewe. Chanjo ya kinga ya kichaa cha mbwa, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018, ni sindano siku ya kwanza na nyingine baada ya siku 7, na akiumwa hata baada ya hapo bado ataosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali kukamilisha dozi. Mwenye nia ya kuanza likizo ya Juni aende kuchanjwa Mei.